Mwaka na ushee na WhatsApp Business pamoja na Google kwenye chumba changu cha masaji: kipi kimeleta wateja, kipi kimekula hela

Wadau wa masaji, na wengine mnaofanya kazi za kugusa mwili wa mtu, hii nimeiandika kwa ajili yenu zaidi. Nina chumba Sinza hapa Dar, vitanda viwili, nipo mimi na dada mmoja tunasaidiana, saa moja tunafanya 40,000 na dakika 90 ni 55,000. Kwa mwaka na ushee sasa kazi yote ya kujitangaza nimeiweka kwenye vitu viwili, WhatsApp Business na ile profaili ya biashara ya Google, ile inayokufanya uonekane kwenye ramani mtu akitafuta, vyote ni bure, na nataka kusema vinafanyaje kazi kwa masaji hasa, maana maelezo mengi ninayokutana nayo wameandikiwa watu wa nguo na viatu na kazi yetu haiendi hivyo kabisa.

Kabla ya hapo nilikuwa nimelipa kampuni moja ya mambo ya mitandao, jina naliacha, 450,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Wakanifungulia ukurasa, rangi zimepangwa vizuri, halafu picha wakachukua za mtandaoni, mwanamke mgongo wazi, maua mekundu, mishumaa, na maneno ya "njoo ujisahau". Wafuasi wakaja kweli tena wengi. Na simu zikaja, saa nne usiku, saa tano, wanaume wanauliza mnafanya mpaka mwisho, mna mabinti wangapi, nitumie picha zao nichague. Dada niliyekuwa naye kipindi kile aliacha kazi, mume wake aliona ile posti na hakutaka kusikia maelezo. Siku ile nililia jamani. Hela iliniuma ndiyo, ila kilichoniuma zaidi ni kwamba hii kazi nimeisomea, najua msuli gani unashika wapi, halafu tangazo nililolilipia mwenyewe ndo linaenda kunitukana mbele za watu.

Walioona tangazo hawakuwa wachache, kwa hiyo tatizo halikuwa hapo. Angalia mteja wetu ananunua nini. Kitenge unakishika dukani, unakifikicha, unaangalia kama kinachuja. Chakula unaona sahani ya mwenzio kabla hujaagiza. Masaji unalipia kitu ambacho bado hakijafanyika, unaingia kwenye chumba cha mtu usiyemjua, unavua nguo, unalala kifudifudi humuoni aliyeko nyuma yako, na mji wenyewe ndo huu ambao ukitamka masaji nusu ya watu wanacheka pembeni. Kwa hiyo maswali aliyonayo kabla hajaja ni nani atanishika, atanishika wapi, nitafunikwa, bei itabadilika nikishafika, na huo mlango unaangalia barabara au uko uchochoroni. Tangazo lisilojibu hayo, hata lipendeze vipi, linamwacha palepale alipokuwa, na wanaokuja ni wale ambao hawakuwa na maswali hayo tangu mwanzo.

Halafu kuna suala la maneno, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana nalijali sana. Tuna maneno yetu tumeyaweka kabatini, kuchua, kukanda, kusinga. Timu ya mpira ina mchua misuli wake anakaa benchi moja na daktari na hakuna anayemcheka. Mama akijifungua anakandwa na maji ya moto na mama yake au shangazi, bibi harusi wa pwani anasingwa kwa msio na liwa mpaka anang'aa. Kuguswa kwa heshima watu wetu wanakujua siku nyingi, hawakungoja mpaka spa zije. Nilipofuta yale majina ya kwenye menyu za hoteli nikaandika "kuchua misuli ya mgongo, shingo na miguu", meseji zilibadilika wiki ileile. Neno masaji nimeliacha lipo pia kwa sababu ndilo watu wanaloandika wakitafuta, ila lisikae peke yake.

Sasa WhatsApp Business. Hii programu ipo tangu 2018, na inataka namba yake, namba moja haiwezi kukaa kwenye WhatsApp ya kawaida na ya biashara kwa wakati mmoja, kwa hiyo nikanunua laini ya pili. Wengine wanalalamikia hilo, kwangu mimi ni faida ya kwanza kabisa. Namba ya kazi saa mbili usiku inalala, na ya nyumbani hakuna mteja anayeijua. Mwanamke anayefanya kazi hii anaelewa naongelea nini.

Kitu chenye nguvu kuliko vyote humo ndani ni ile meseji ya kukaribisha. Inajituma yenyewe kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza, au mkikaa siku 14 bila kuwasiliana. Yangu inasema hivi, nakili kama unaitaka: "Habari, karibu. Hapa tunachua misuli kwa wanawake na wanaume, kwa miadi, saa tatu asubuhi mpaka saa mbili usiku. Huduma za kimapenzi hatutoi. Bei zote ziko kwenye katalogi hapo juu. Niandikie jina lako, siku na saa unayotaka, na uniambie kama una presha, una ujauzito au umefanyiwa upasuaji karibuni." Ile sentensi ya huduma za kimapenzi nilisita wiki nzima kuiweka, niliona kama namtuhumu mtu ambaye hajaniuliza chochote. Nikaiweka. Wanaotafuta mambo yao wanaishia hapohapo, hawajibu tena, na wanawake wameniambia zaidi ya mara moja kwamba wamekuja kwa sababu ya sentensi hiyo, na hata wanaume, kuna kaka mmoja fundi wa magari alisema alikuwa anaogopa kuonekana anaingia sehemu kama hizo na sasa akiulizwa na mke wake anamwonyesha meseji yenyewe.

Katalogi inabeba vitu mpaka 500, mimi nina sita tu na sita zinatosha. Kila kimoja nimeandika dakika, bei, sehemu za mwili zinazoguswa, na haya maneno: unavua kiasi unachojisikia, mwili unafunikwa shuka muda wote, inafunuliwa sehemu inayofanyiwa kazi tu. Watu wengi wa kazi yetu wanaficha bei wanaandika "njoo inbox", aisee acheni. Mtu ambaye tayari ana wasiwasi na mwili wake unamuongezea na wasiwasi wa hela, anaona akifika ataambiwa mafuta yanalipiwa pembeni.

Kuna majibu ya haraka, unaandika alama ya mkwaju (/) na neno moja meseji nzima inatokea, unaruhusiwa kuwa nayo mpaka 50. Nina ya mahali, ambayo inaeleza kuanzia kituo cha daladala mpaka rangi ya geti, nina ya malipo yenye lipa namba, na nina ya maandalizi, usile ukashiba sana, fika dakika kumi kabla, kama una homa au mguu mmoja umevimba ghafla na unauma usije kwangu nenda hospitali kwanza. Hiyo ya mwisho inanipotezea mteja mmojammoja na sijawahi kuijutia. Lebo pia zipo, za kuwekea alama chati za wateja, unaweza kuwa nazo 20, natumia chache, mpya, ametanguliza hela, wa kukumbushwa. Tahadhari moja tu, usiandike ugonjwa wa mtu kwenye lebo, simu inashikwa na wengi.

Advansi nayo nilianza kuomba 10,000 ya kushika nafasi. Zamani Jumamosi ilikuwa watu wanne wanaweka miadi wanakuja wawili na hao wengine hata simu hawapokei, na saa iliyopita haiuziki tena, nyanya utazikuta kesho hata kama zimelainika ila saa nane ya jana haipo. Tangu advansi ianze hilo limepungua sana na hakuna mteja wa maana aliyegoma.

Kwenye kutuma meseji kwa wengi, orodha moja inachukua watu 256 na inamfikia tu yule aliyeseviu namba yako. Kwa hiyo kabla mteja hajaondoka namwambia dada niseviu, ratiba ikibadilika nitakujulisha, na akiseviu najua kanikubali. Natuma mara moja kwa mwezi basi, nikiwa na kitu cha kusema. Staitasi ndo naweka kila siku, inakaa saa 24 inaondoka, na posti inayojaza nafasi kuliko zote haina hata picha, ni "leo bado saa nane na saa kumi" nyeupe kwenye rangi ya kijani. Nyingine ni shuka zikianikwa juani. Nilidhani hakuna atakayejali shuka, kumbe watu wanaangalia usafi kuliko chochote, niliulizwa mpaka sabuni ninayofulia. Mwili wa mteja siweki, hata akiniruhusu, hata mgongo tu.

Upungufu wake ni kwamba kalenda ya miadi sijaipata humo, bado natumia kaunta buku na peni na naona litabaki hivyo. Na meseji ya kujituma haikuondolei kazi ya kujibu, mtu akishakaribishwa akakaa saa tatu bila jibu la kweli kutoka kwako anaenda kwa mwingine, kwa hiyo dada ninayefanya naye tumepeana zamu, mmoja akiwa na mafuta mkononi mwenzie anashika simu, na nimemfundisha kujibu kama ninavyojibu mimi, hakuna "mambo vp" kwa mtu mzima, mama anaamkiwa shikamoo hata kwenye meseji.

Twende Google. Wengine mnaijua kwa jina la zamani, Google My Business, jina lilibadilishwa 2021. Unajaza jina, mahali, saa za kazi, simu, picha, halafu wanahakikisha kweli upo, na mara nyingi ni kwa video unayojirekodi ukionyesha mtaa, bango na vifaa vyako vya kazi. Wenyewe Google wanasema wanaangalia mambo matatu kupanga nani atokee juu, unachofanya kinaendana kiasi gani na kilichotafutwa, uko umbali gani na mtafutaji, na unajulikana kiasi gani, na hakuna hela unayolipa upande huo ili upandishwe. Kwa chumba kidogo kama changu hiyo ni habari njema sana, mtu akiwa Sinza au Mwenge akitafuta masaji, hoteli kubwa ya Masaki iko mbali naye na mimi nipo karibu.

Niliyorekebisha ni machache. Kundi la biashara nilikuwa nimechagua spa, nikabadilisha kuwa mtaalamu wa masaji, kwa sababu anayetafuta spa anataka na kucha na mvuke ambavyo sina. Jina niliacha lilivyo kwenye bango, kuna watu wanajaza "masaji bora bei nafuu Dar" kwenye jina na hiyo ni kinyume na taratibu za Google, unaweza kufungiwa. Alama ya kwenye ramani niliisogeza kwa mkono mpaka ikakaa kwenye geti kabisa, mwanzoni ilikuwa nyumba ya tatu na watu walikuwa wanagonga kwa mzee wa watu. Picha nikapiga mwenyewe mchana kwa simu, geti, ngazi, sehemu ya kukaa, kitanda kimetandikwa, mimi nimevaa sare nimesimama mlangoni uso unaonekana. Picha ya mlango na picha ya uso wa mtu atakayemchua, mteja hataki zaidi ya hapo. Mawe ya moto na maua yapo kila mahali, hayamwambii chochote kuhusu wewe.

Maoni ya wateja ndo moyo wa hiyo kitu. Siku ya pili baada ya huduma namtumia mtu meseji, "umeamkaje, shingo inageuka vizuri?" na naisubiri kwanza. Akisema yuko sawa ndo namtumia linki ya kuandika maoni. Akisema bado anaumia simtumii linki, namuuliza nilikosea wapi. Kutoa zawadi au punguzo ili mtu akuandikie nyota tano Google wamekataza, na hata kama wasingekataza, maoni kumi yanayofanana yananuka kutoka mbali. Maoni yaliyoniletea watu wengi kuliko yote yana mistari miwili, mdada kaandika kwamba aliomba redio izimwe ikazimwa, na kwamba aliulizwa kila mara kama mkono ni mzito. Hayo siwezi kuyatunga.

Na nyota mbili nimepata. Mteja aliandika nilimkandamiza mpaka akashindwa kulala. Nilitamani sana kujibu pale hadharani kwamba yeye ndiye aliyesema ongeza ongeza, na kwamba alikuwa hajaniambia kuhusu dawa anazotumia, nilikuwa nimeshaanza kuandika kabisa. Nikafuta. Kilichosemwa kwenye kitanda kile ni siri ya mteja, na sasa hivi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na mambo ya afya ya mtu ni katika taarifa nyeti kwa sheria hiyo. Nilijibu "Pole sana dada, nimesoma na nimechukua, naomba nikupigie." Hakuwahi kurudi. Ila kuna mama wa makamo, miaka sitini na kitu, aliletwa na kijana wake ambaye ndiye aliyetafuta kwenye simu, na yule kijana akaniambia walisoma yale maoni mabaya kwanza, wakaangalia nimejibuje, ndo wakaja. Mama alikuwa na bega limekaza toka msibani alikopika siku tatu, na anakuja mpaka leo kila baada ya wiki tatu, sasa anamleta na mdogo wake.

Kitu cha kuangalia Google ni kwamba mtu yeyote anaweza kupendekeza mabadiliko kwenye maelezo yako, saa za kazi na kadhalika, kwa hiyo ingia kila wiki uone, na sikukuu za Idi, Pasaka, Krismasi badilisha saa mapema.

Sasa niseme kitu ambacho wafundishaji wa masoko niliowasikiliza sijawasikia wakikisema. Mikono ina kikomo. Mimi nikichua watu watano kwa siku kwa nguvu, wa sita anapata mkono uliochoka, na nikilazimisha mwezi mzima dole gumba linaanza kuuma na hapo biashara yote imelala. Duka likipata wateja mara mbili linaagiza mzigo mara mbili, sisi tutaagiza wapi mikono? Mwaka juzi nilifanya ofa ya nusu bei mwezi mzima. Chumba kilijaa, nilikuwa naenda nyumbani siwezi kushika kijiko, na mwezi uliofuata waliorudi kwa bei ya kawaida ni wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo hesabu yangu ilibadilika, nahitaji kama watu sitini hivi wanaokuja mara moja au mbili kwa mwezi, nawajua migongo yao, wananilipa bei kamili. Badala ya nusu bei nina kadi, lipia tano ya sita bure, na kabla mtu hajatoka namuuliza tuandike lini tena, kaunta buku likiwa wazi mbele yake. Swali hilo linaniingizia kuliko posti zote.

Na wale sitini wengi wao hawakuanzia kwenye simu. Jumapili asubuhi mtaani kwetu kuna watu wa jogging, wengi tu, nilianza kwenda na mkeka nawachua vigimbi dakika kumi kumi bure wakimaliza kukimbia, karatasi yenye QR code ya WhatsApp, ile alama ya kuskani kwa simu, nimebandika kwenye begi. Pale watu wote wanaona, mchana kweupe, nguo zao wamevaa, hakuna la kuficha, na ndo ushahidi mkubwa kuliko picha yoyote. Saluni ya jirani tunapeana wateja, bibi harusi akija kwake kwa ajili ya send-off ananiletea nimsinge siku mbili kabla, na mimi wangu wa nywele nampelekea yeye. Ila hata hawa wanaotoka kwenye jogging wakifika nyumbani wanaingia Google kuhakikisha, ndo maana nasema vinaenda pamoja.

Kuhusu kulipia matangazo ya Instagram na Facebook, nimelipia mara chache kidogokidogo, hela ya bando tu, na ilisaidia pale nilipotangaza ndani ya kilomita chache kutoka chumbani. Jueni tu kwamba sera zao haziruhusu tangazo linalomwambia mtu kuhusu hali yake ya afya, mambo ya "wewe unayeteseka na mgongo", na picha za ngozi nyingi zinakwama. Na tafadhali msiandike mnatibu kisukari, mnatibu kiharusi, mnatoa sumu mwilini. Tunalegeza misuli, tunapunguza kukaza, mtu analala vizuri, na hicho ni kikubwa tayari. Mgonjwa wa presha akiacha vidonge kwa sababu ya posti yako utamwambia nini mke wake?

Gharama yangu yote kwa mwaka ni laini, bando, hayo matangazo ya kidogokidogo, karatasi za QR code na mafuta ya nazi ya Jumapili. Ile 1,350,000 niliyoilipa mwanzo ingenunua kitanda cha tatu na shuka za akiba, na ndicho ninachokikusanyia sasa, maana dada ninayefanya naye ana mdogo wake anamaliza mafunzo mwezi wa tisa.